Nilichokiona Kwanza ni Mkia

Mara ya kwanza kujitosa baharini kumtazama papa potwe, nilichoambulia ni mkia. Mkia mrefu kuliko mimi, unaenda kulia, unaenda kushoto, polepole kabisa, na kila ukipiga pigo moja mwenye mkia ameshaniacha mita nyingine tatu. Nikapiga miguu kwa nguvu zangu zote. Nikameza maji. Nilipoinua kichwa, miwani imejaa, kamasi zinanichuruzika, na nahodha kule kwenye boti anacheka huku ameshika kiuno.

"Mwanangu," akapaza sauti, "huyo hakimbizwi! Huyo anangojewa!"

Mimi ni mtu wa bara. Kuogelea nimejifunza ukubwani, kwenye bwawa la hoteli, ambako ukichoka unasimama. Samaki niliowajua ni sato na kambale, na wote tulikutana wakiwa wameshafika kwenye sahani. Kwa hiyo binamu yangu aliposema Januari twende Mafia, nilikubali kwa ajili ya safari tu: kivuko kutoka Nyamisati, upepo, picha mbili tatu, basi. Sikujua kama nitarudi na mgongo uliobabuka na maswali mengi kuliko niliyoondoka nayo.

Siku yenyewe ilianza vibaya kwa sababu ya chapati. Tulifika ufukweni Kilindoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji yalikuwa yamekupwa, boti iko mbali, ikabidi tukunje nguo tutembee kwenye tope na mchanga wenye vidimbwi, harufu ya dagaa walioanikwa ikitusindikiza. Nahodha, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufuma iliyofifia rangi, alitupokea mmoja mmoja. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Umekula nini?"

Nikadhani ni ukarimu. Nikamwambia kwa furaha: chai ya maziwa, chapati mbili na mayai. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona majibu ya vipimo. Binamu yangu alikuwa amekula kipande cha muhogo wa kuchemsha, akapita mtihani bila kuulizwa zaidi.

Saa moja baadaye nikaelewa. Boti ikiwa inakwenda kwa kasi hakuna shida, upepo unakupiga usoni na tumbo linatulia. Taabu ni pale inapopunguza mwendo ili mtafute. Inayumba upande huu, inayumba upande ule, moshi wa injini unarudi puani. Bahari ikanilevya. Zile chapati mbili ziliondoka kwa awamu. Kijana aliyekuwa anatuongoza, ambaye bila shaka ameshaona watu wengi wa bara wakining'inia ukingoni mwa boti, alinipa maji ya kusukutua na ushauri mmoja: acha kutazama simu, tazama nchi kavu, pale panapotulia. Nilitazama minazi ya Kilindoni kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kutazama kitu chochote. Ikasaidia.

Na nikiwa nimetulia hivyo, siwezi kufanya lolote, ndipo nikaanza kumwona nahodha anavyofanya kazi.

Nilidhani kumtafuta samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani ni kukodolea maji macho mpaka pezi litokeze. Nahodha wala hakuwa anahangaika na maji yaliyo mbele yetu. Alikuwa anatazama ndege. Membe wakiwa wametawanyika, anapita. Wakiwa wamekusanyika mahali pamoja, wanajitupa na kuibuka, anageuza usukani. Alikuwa anatazama pia boti za wavuvi wa dagaa, ziko wapi na nyavu zimeelekea wapi. Tulipoikaribia moja, wakasalimiana kwa kelele, akauliza, na mvuvi mmoja, mikono yote miwili ikiwa imeshika kamba, akajibu kwa kunyoosha kidevu kuelekea kusini. Basi. Tukaenda kusini.

"Sisi hatumtafuti potwe," aliniambia alipoona namfuatilia. "Tunatafuta chakula chake."

Chakula chenyewe ni uduvi, vile vikamba vidogo ambavyo ukiviweka kiganjani unaweza kudhani ni vumbi lenye macho. Ng'ambo ya Mafia, upande wa bara, ndiko Mto Rufiji unakomwaga maji yake kupitia mikoko mingi, na maji hayo yana rutuba. Ndiyo maana bahari ya Kilindoni si ile ya buluu ya kwenye kalenda. Ni ya kijani, nzito kidogo, kama mchuzi wa mboga uliochujwa. Wenzetu wawili kutoka Arusha walilalamika kwamba maji machafu. Si machafu, yana chakula. Yangekuwa meupe kama kioo, potwe angekuja kufanya nini?

Msimu wao wa kuonekana ni Oktoba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba miezi mingine huwa wamehama, kijana akanisahihisha: watafiti waliwawekea vifaa vya kutoa mlio wakagundua wengi wao hawaendi mbali, ila huzama chini zaidi na kujisogeza nje kidogo ambako macho ya mtu wa kwenye boti hayafiki. Hilo lilinikaa kichwani. Miaka yote watu wanasema ameondoka, kumbe yupo palepale, chini yao.

Halafu nikaona kivuli. Hakikuwa na umbo la samaki. Kilikuwa kama wingu limepita juu yetu, isipokuwa juu hapakuwa na wingu. Binamu akanishika mkono kwa kucha. Kijana akaanza kusema, "Taratibu, subirini nikisema—" na mimi sikusubiri aseme nini. Nikavaa miwani, nikajirusha kwa kishindo, na yaliyofuata nimeshayasimulia hapo mwanzo.

Niliporudi kwenye boti nilipewa somo, kwa adabu lakini bila kuzungushwa. Kwanza kile kishindo. Potwe hana shida na mtu, ila anaposikia kitu kimeanguka majini kwa nguvu huinamisha kichwa na kushuka, na akishashuka umewanyima na wenzako. Pili, sheria ya umbali: mita 3 kutoka mwilini, mita 4 kutoka mkiani, hakuna kumgusa, hakuna kumkatia njia, hakuna taa ya kamera. Mimi nilikuwa nimejipeleka mkiani kabisa, mahali pekee ambapo mnyama huyu asiye na ubaya anaweza kukuumiza, tena bila kujua kama umo duniani. Tatu, miwani yangu.

Nisimame kidogo kwenye miwani, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa wakadhani bahari haiwapendi. Nilikuwa nimesuka, na juu ya nywele nimevaa kofia ya kuogelea. Ukingo wa kofia ulikuwa umeingia chini ya mpira wa miwani pale kwenye paji la uso, upana wa ukucha tu. Upana huo unatosha kuingiza bahari nzima. Kijana alinivua, akasogeza kofia nyuma, akaniambia niweke miwani usoni bila mkanda na nivute hewa kidogo kwa pua. Ikigandama yenyewe bila kushikwa, hiyo ni yako. Ikidondoka, omba nyingine. Jamaa wa Arusha mwenye masharubu alijaribu miwani minne yote ikadondoka, mwishowe akapakwa mafuta ya mgando juu ya mdomo. Halafu unatema mate ndani ya kioo, unasugua, unasuuza mara moja. Nilidhani ni utani wa kuwafanyia wageni. Si utani, kioo hakikupata ukungu mpaka mchana.

Na mrija wa kupumulia: usiuume kama mua. Midomo ndiyo inaziba, meno yanashikilia tu. Maji yakiingia, unapuliza pumzi moja fupi kali, "tu!", yanaruka juu. Mimi nilikuwa napumua haraka haraka kama niliyekimbizwa na mbwa, na pumzi fupi ndizo zinazomtia mtu hofu. Nikafundishwa kuhesabu: ndani moja mbili tatu, nje moja mbili tatu nne. Nilifanya hivyo nimekaa ukingoni mwa boti, nimevaa jaketi okozi, nimeweka uso tu majini, mpaka moyo ukaacha kupiga ngoma.

Mara ya pili nahodha aliipeleka boti mbele, mbali kabisa na kivuli kilipo, akazima injini. Tukateleza majini kama watu wanaoingia msikitini wamechelewa, tukajipanga mstari mmoja, tukalala juu ya maji. Hakuna aliyeogelea. Chini yangu palikuwa na kijani tupu na chembechembe zinazoelea, zinarukaruka, nikatambua ndio uduvi wenyewe. Nikahesabu. Ndani moja mbili tatu.

Kilichotokea kwenye ule ukijani kilikuwa mdomo. Si meno, si macho. Mdomo bapa, mpana, uko wazi kama mlango wa karakana, unakuja. Meno anayo, maelfu, ila ni madogo mno na hayana kazi ya kutafuna. Anachofanya ni kunywa bahari na kuchuja. Ubavuni matamvua yalikuwa yanafunguka na kujifunga kama mapazia dirishani. Mbele ya pua yake walikuwa wanatangulia kolekole wachanga wa rangi ya dhahabu, kama pikipiki za msafara, na tumboni alikuwa amegandamana naye chazo, yule samaki mwenye kibao cha kunasia kichwani ambaye zamani wavuvi wa pwani yetu walimfunga kamba mkiani wakamtumia kukamatia kasa. Jicho la potwe lilikuwa dogo, dogo mno kwa mwili ule. Lilizunguka, likanitazama, au likatazama upande niliopo, kisha akajigeuza kidogo tu kunipisha. Yeye ndiye aliyenipisha.

Ukubwa wake? Nahodha alisema kama mita 6, sawasawa na boti, na kwamba huyo bado kijana. Wengi wanaoonekana Mafia ni madume machanga. Wakikua wanaweza kufika mita 18. Mgongoni ana madoa meupe yamepangwa katikati ya mistari, kama kitenge kilichochapwa kwa uangalifu. Wenzetu wa pwani ya Kenya wanamwita papa shilingi, wanasema Mungu alipomwona alivyo mzuri akammwagia sarafu mgongoni. Madoa hayo hayafanani kati ya potwe mmoja na mwingine, kama alama za vidole. Kijana alikuwa na kamera na alipiga picha mahali pamoja tu, ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Ndipo watafiti wanapomtambulia, na programu wanayoitumia ilitokana na hesabu zilizotengenezwa kutambua mpangilio wa nyota angani. Mimi pia nilikuwa na simu yangu kwenye mfuko wa plastiki. Nina video ya dakika mbili ya rangi ya kijani.

Alipita mbele yetu wote wanne, bila haraka, na safari hii mkia ulikuja mwisho, mahali pake.

Tulimwona mara tatu zaidi, yeye au mwenzake, kabla jua halijapanda. Kufika saa nne upepo uliongezeka, maji yakachafuka, nahodha akasema basi.

Kutoka Kilindoni tukaenda Utende, barabara ya nusu saa hivi. Pale langoni unalipia kuingia Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, kilomita za mraba 822 ikiwa ni pamoja na vijiji na watu wake. Kinachoshangaza ni kwamba potwe tuliowaona asubuhi walikuwa nje ya mipaka ya hifadhi hiyo. Kule Kilindoni wanaishi kwa hisani ya wavuvi, na samaki wao wa kuvuliwa na chakula cha potwe viko mahali pamoja, kwa hiyo mara mojamoja potwe hujikuta ndani ya wavu. Wavuvi huuteremsha ukingo wa wavu akatoka. Nahodha alilieleza hilo kama mtu anayeeleza jinsi ya kumtoa ng'ombe wa jirani shambani.

Maji yalijaa kabisa mchana, kama saa saba, na hiyo ndiyo saa waliyotuchagulia kuingia tena majini, safari hii kutazama matumbawe. Ghuba ya Chole inajazwa na kumwagwa na bahari kupitia mlango wake mwembamba, na ukikosea saa utaogelea mahali pamoja kama mtu wa kwenye mashine ya mazoezi. Yakiwa yamejaa yanatulia kidogo kabla ya kuanza kutoka, na maji yaliyoingia ni ya bahari kuu, meupe. Baada ya mchuzi wa asubuhi, kutazama chini kulikuwa kama kufutiwa macho.

Kitu cha kwanza si kuona, ni kusikia. Bahari ya matumbawe ina kelele. Kuna mlio kama mafuta yanayokaangiza, hauishi, na juu yake kuna kwa-kwa-kwa ya mtu anayetafuna barafu. Huyo ni pono. Nilimfuata mmoja kwa macho tu, nikiwa nimejifunza, wa kijani na waridi, ana mdomo kama wa kasuku, anakwangua mwamba, anasogea, anakwangua. Kisha akajisaidia, na kilichotoka nyuma yake kilikuwa mchanga mweupe safi. Kijana alithibitisha baadaye: sehemu ya ule mchanga tunaotandikia kanga na kupigia picha umepita tumboni mwa pono. Binamu yangu alikuwa amelala juu ya mchanga huo wakati anaambiwa.

Kasa mmoja alikuwa anakula majani ya baharini kana kwamba yuko malishoni. Chewa mkubwa alijibanza kwenye pango, anafungua mdomo na kuufunga. Kulikuwa na vijisamaki vya rangi ya chungwa vinavyojificha kwenye mikono laini ya kiumbe kinachowasha wengine lakini si wao. Palikuwa pia na uwanja mzima wa vifusi vya kijivu, matumbawe yaliyovunjikavunjika kama mifupa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe ya huku yakapauka na mengi yakafa. Mengine yalimalizwa na baruti za wavuvi wa enzi zile. Katikati ya vifusi hivyo yameota mapya, yale ya matawi.

Moja ya matawi hayo nililivunja mimi. Maji yaliingia kwenye mrija, nikasahau "tu!", nikataka kusimama. Nilipoteremsha miguu, pezi la mguu wa kulia likagonga. Sikuhisi uzito wowote, nilisikia tu "tik". Kijana akanidaka chini ya kwapa akaninyanyua. Kipande kilikuwa kirefu kama kidole changu cha kati. Aliniambia ya matawi huongezeka sentimita chache kwa mwaka, na yale ya mviringo, yenye umbo kama la ubongo, kama sentimita 1 tu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Na ule usemi kwamba sisi weusi hatuungui na jua, aliyeusema hajawahi kulala kifudifudi baharini saa moja na nusu mchana. Maji yanapoza ngozi, husikii kitu. Jioni mgongo na nyuma ya magoti vilikuwa vinawaka. Safari nyingine nitavaa fulana ya mikono mirefu na taiti, tena itaniepusha na kupaka mafuta ambayo hayo matumbawe hayayahitaji.

Tulivuka kwenda kisiwa cha Chole kama saa kumi. Magofu ya Wajerumani nitayaruka, ingawa ile mizizi ya miti iliyokumbatia kuta ilistahili muda zaidi. Tulikuja kwa ajili ya popo. Popo wa Chole si wa kwenye dari. Wana uso kama wa mbweha mdogo, mabawa yao yakikunjuliwa yanazidi mita 1, na jamii yao haipo Afrika bara. Wa kufanana nao wako Comoro. Mchana wananing'inia kwenye miembe, wamejifunika mabawa kama wazee waliojitanda mashuka, na ambao wamesikia joto wanajipepea kwa bawa moja.

Nahodha wa pale, si yule wa asubuhi, alituonya mapema. "Maji yanatoka. Tukiondoka saa kumi na moja na nusu, tunaondoka. Mkitaka kuwaona wakiruka, tutalala na boti mchangani mpaka maji yarudi. Semeni."

Wa Arusha walitazamana. Mimi nikasema tungoje.

Walianza kuruka jua lilipozama, mmoja, watatu, kisha mti mzima. Wanasema hushuka kulowesha tumbo baharini kabla ya kwenda kula. Nilikuwa nimekaa ufukweni nimeelekea huko walikopita juzi na jana, kama nilivyoelekezwa, simu iko mfukoni. Mmoja alishuka. Akagusa maji kwa kifua, mstari mwembamba ukabaki juu ya maji, akapanda, na matone yakamfuata. Halafu mwingine.

Tulirudi kwenye boti tukaikuta imelala ubavu, maji yako mbali, kaa wadogo wanatembea chini yake. Nahodha alikuwa ameshatandika turubai na kufungua chombo cha mihogo iliyopoa. "Karibu dada," akasema, akisogea kunipa nafasi. "Mpaka saa tatu hivi." Safari hii nilikula, maana boti haikuwa inayumba.